Koti la mbwa kwa kipupwe cha Newala: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka huu nilimnunulia mbwa wangu koti. Najua habari hiyo inamchekesha msomaji wa Mtwara mjini au wa Lindi, ambako mbwa hutafuta kivuli mwaka mzima, lakini mimi ninaishi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na mbwa mwenyewe ni jike wa miaka 11 ambaye miguu yake ya nyuma imeanza kumkatalia. Nimelitumia koti hilo Juni, Julai na Agosti, yaani kipupwe kizima, na nimeona niyaandike niliyoyaona, mazuri na mabaya, kwa sababu kabla ya kulinunua nilitafuta sana maelezo ya mtu wa huku kwetu aliyewahi kulitumia vazi la namna hiyo na sikumpata hata mmoja. Niliyoyapata yote yalikuwa ya watu wenye theluji mlangoni.

Mbwa wangu anaitwa Mwacheni. Ni mbwa wa kienyeji, mwembamba, manyoya yake ni mafupi na rangi yake ni ya udongo wa huku, kiasi kwamba akilala uani huwezi kumwona mpaka ainue kichwa. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni, upepo wa kusi ukishashika njia yake, ukungu hujaa katika bonde la Ruvuma usiku kucha, hata asubuhi ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu huoni bonde wala mto, unaona weupe mtupu. Kipimajoto nilichokitundika barazani kilionyesha nyuzi 16 alfajiri nyingi za Julai. Madaktari wa mifugo wa nchi za baridi huanza kumhofia mbwa mwenye manyoya machache joto linapokaribia nyuzi 7, kwa hiyo kwa hesabu yao Newala haina baridi hata kidogo. Hesabu hiyo siipingi, ila ni ya mbwa kijana, mkavu na aliyeshiba. Mwacheni ni mzee, umande humlowesha kuanzia kucha hadi kwapani, na upepo unamkuta akiwa katika hali hiyo. Mwaka jana ndipo alipoanza kuamka kwa mafungu: hunyanyua kwanza miguu ya mbele, hukaa hivyo kwa muda kama mtu aliyesahau alichokuwa anakifuata, kisha huivuta ile ya nyuma mmoja mmoja.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja nilimwita daktari wa mifugo, na ninamshauri kila mtu aanzie hapo, kwa sababu kutetemeka kwa mbwa si lazima kuwe baridi. Alimfunua mdomo, akaubonyeza ufizi kwa kidole gumba, akakitoa kidole na kuutazama ule weupe ukirudi kuwa wa waridi. Alinieleza kwamba mbwa wa huku akitetemeka na kudhoofika, linaloshukiwa kwanza ni homa ya kupe, kwa kuwa vimelea vinavyoenezwa na kupe huishambulia damu na ufizi hupauka. Wa Mwacheni haukupauka. Joto lake lilikuwa nyuzi 38.6, jambo lililonishtua mpaka nilipoambiwa kwamba joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, ndiyo maana ukimgusa tumboni kwa mkono utadhani ana homa kila siku.

“Ni viungo tu, Mwalimu,” alisema akifunga begi lake. “Huyu sasa ni bibi. Bibi anataka pakavu.”

Alimchoma pia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo muda wake ulikuwa umefika, na akanionya kwa ukali nisije nikampa mbwa parasetamoli wala diklofenaki ya nyumbani hata akilia kwa maumivu, kwa maana dawa hizo zinazotutuliza sisi zinaweza kumdhuru mbwa vibaya, hata kumuua. Yale maneno yake ya pakavu sikuyatilia maanani siku hiyo. Akili yangu yote ilikuwa kwenye koti nililokuwa nimekwisha kuliona kwenye simu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nisimlaze ndani yakaisha. Nyumbani kwetu mbwa haingii ndani. Mate yake ni najisi, mama mkwe wangu anaswali sebuleni, na jambo hilo halina mjadala wala mimi sitaki liwe na mjadala. Mwacheni analala nyuma ya jiko, koti lake lina beseni lake na kamba yake ya kuanikia, na anayelishika ananawa kabla ya kugusa kitu kingine. Ninayataja haya kwa sababu maelezo karibu yote yanayotolewa kuhusu mbwa na baridi huanza na neno “mwingize ndani”, na baada ya hapo hayana la kumwambia mtu wa uani.

Koti nililinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam kwa shilingi 48,000, nikalipa kwa simu, nikaongeza 5,000 za kulipakia kwenye basi, na nikalichukua stendi siku ya tatu. Kwa nje ni kitambaa kigumu kidogo kinachozuia upepo na manyunyu, kwa ndani kina manyoya laini kama ya blanketi la mtoto. Linafungwa kifuani na tumboni kwa mikanda ya kunata, na lina tundu dogo mgongoni la kupitishia kamba ya kumwongozea. Kazi ya mikono iliyolishona ni nzuri. Hilo nitalisema waziwazi kwa sababu ya malalamiko yanayofuata.

Muuzaji alinitaka nipime urefu wa mgongo peke yake, kutoka shingo inapoishia hadi mkia unapoanzia, na nikampelekea kipimo hicho: sentimita 52. Koti lilipofika, mgongo ulikaa barabara, lakini kifuani mkanda haukufika. Mbwa wetu wa kienyeji wana kifua kirefu cha kwenda chini na kiuno chembamba, na mtu anayewauzia angepaswa kuuliza mzunguko wa kifua kabla ya kuuliza rangi. Nilipoomba kulibadilisha nilijibiwa kwamba mfuko ukishafunguliwa mzigo haurudishwi. Nikauliza ningejuaje kwamba halimtoshi bila kufungua mfuko, na swali hilo halijajibiwa hadi leo ninapoandika. Jina la duka silitaji. Ninachomwomba msomaji ni kwamba asilipe mahali popote kabla hajaandikiwa vipimo vyote vitatu, yaani mgongo, kifua na shingo, na kabla hajajua masharti ya kurudisha.

Nikalipeleka sokoni kwa mama mmoja fundi cherehani.

“Shikamoo, Mwalimu. Hili la mjukuu?”

“Marahaba. La mbwa.”

“La mbwa,” akarudia taratibu. Akaligeuza ndani nje, akaupima mshono kwa ukucha, akalivuta huku na huku. “Na limeshonwa vizuri kuliko sare za shule.”

Aliongeza kipande cha kaki cha upana wa sentimita 8 kila upande chini ya kifua, akaihamishia mikanda hapo, akanitoza shilingi 3,000. Kuanzia siku hiyo likamkaa. Watoto wa jirani walilizoea baada ya siku mbili. Watu wazima walichukua muda zaidi, na mzee mmoja wa mtaani kwetu hadi sasa akimwona Mwacheni humsalimia “shikamoo, bosi”.

Sasa nije kwenye utendaji wake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumvika usiku kucha. Niliwaza kama mtu anayejifunika blanketi: baridi ni ya usiku, basi koti liwe la usiku. Usiku wa nne, nilipotoka alfajiri kwenda kuwasha moto wa maji, nilitia vidole chini ya mkanda wa tumbo nikakuta manyoya yamelowa. Lile vazi kwa nje lilikuwa na umande kama bati, na kwa ndani lilikuwa na uvuguvugu wenye unyevu, harufu yake ni ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Mbwa alikuwa amelala chini kwenye sakafu ya saruji, unyevu ukapandia tumboni, mahali koti lisipokinga, na yale manyoya ya ndani yakaufyonza kama utambi. Nyuma ya kwapa la kushoto, palipopita mkanda, ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu kwa upana wa shilingi mia. Ilipona kwa kuachwa wazi na kukaushwa, lakini siku hiyo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya daktari kuhusu bibi na pakavu.

Tangu hapo nikabadili matumizi. Usiku halali nalo. Ninamvika saa kumi na moja alfajiri anapoamka, wakati ukungu ni mzito na viungo vimekakamaa, na ninamvua saa tatu jua likishakolea, kisha koti linaanikwa ndani nje hadi jioni. Kwa matumizi hayo ya saa nne kila siku ninalisifu bila kigugumizi. Upepo haupenyi. Matembezi ya asubuhi ambayo mwaka jana yaliishia kwenye mwembe wa kwanza sasa yanafika shambani, na ule mtindo wa kusimama kwa mafungu ulipungua katika wiki ya tatu, ingawa sina hakika ya kulipa koti sifa yote, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha kubadili pia malazi yake, na hilo nitalieleza hapa chini.

Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ya maelekezo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili cha kubahatisha, ambayo niliisoma kama hadithi za nchi za mbali. Ilisema mbwa akitoka matembezini aoshwe nyayo ili kutoa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kwa kuwa chumvi hiyo huchoma ngozi kati ya vidole, na mbwa akiilamba humwumiza tumbo. Ilisema achunguzwe mabonge ya theluji yanayoganda baina ya vidole, na asiachwe karibu na maji ya rejeta ya gari yaliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu dawa hiyo ni tamu mdomoni na ni sumu inayoua figo. Niliicheka, nikaikunja, nikaiweka kabatini pamoja na risiti.

Wiki iliyofuata mashine za kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa manjano, zilianza kuunguruma. Asiyeijua mikorosho aelewe kwamba tangu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga unaoshambulia mikorosho, ulipoingia kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, mkulima asiyepuliza salfa hana uhakika wa kuvuna, na msimu wa kupuliza ndio huu huu wa kipupwe, mikorosho inapochipua na kutoa maua. Tena salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande, ili ishike. Saa za kupuliza salfa, kwa maneno mengine, ndizo hasa saa za Mwacheni za kuvaa koti. Asubuhi moja alinifuata shamba la jirani lililokuwa limetoka kupulizwa, akapita kwenye majani yaliyoinamia njia, na tulipofika nyumbani koti lile la bluu lilikuwa na vumbi la manjano toka shingoni hadi kiunoni. Alikaa chini, akaanza kulamba miguu. Kisha akawa anajikuna macho kwa mguu wa mbele, na macho yenyewe yalikuwa yamewiva.

Nilimwosha macho na nyayo kwa maji safi ya vuguvugu, nikamfuta tumbo, nikamtazama siku nzima. Alikula jioni kama kawaida na kesho yake macho yalikuwa yametulia. Kisha nikafungua kabati nikaitoa ile karatasi. Palipoandikwa chumvi nilisoma salfa, na maelekezo yote yakawa ya Newala: osha nyayo kila urudipo, pangusa kati ya vidole, usimwache alambe kwanza. Kwa upande wa koti, jambo hili lina sura mbili. Lilimkinga mgongo, kwa kuwa vumbi lote hilo lingekuwa kwenye manyoya yake na baadaye kwenye ulimi wake. Lakini kitambaa kinalibeba vumbi na kulihifadhi, na ukimvika tena kesho bila kulifua unamrudishia salfa ya jana. Kulifua kila siku kwenye uwanda wetu, ambako maji ya bomba hutoka kwa zamu yake na ndoo ya maji ina bei, si jambo la kusema kwa wepesi. Nilichofanya ni kulikung'uta kwa fimbo mbali na nyumba, kulifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, na kulifua kwa maji mengi Jumamosi peke yake. Na siku ambazo mashine zinasikika karibu, tunatembea upande wa barabara kuu, hatuingii mashambani.

Kuhusu malazi. Baada ya ule usiku wa nne nilimwita fundi seremala akatengeneza kibanda cha mbao kilichoinuliwa sentimita 15 kutoka ardhini kwa vigingi vinne, chenye paa la bati lililoshuka kwa nyuma. Nilimtaka akifanye kidogo, naye alidhani ninabana pesa, lakini kibanda kikubwa mbwa hawezi kukipasha joto kwa mwili wake. Kinachomtosha ni nafasi ya kuingia, kugeuka na kujikunja. Mlango tuliuelekeza kaskazini-magharibi ili kusi ipige mgongo wa kibanda. Kwa mbao, misumari na ufundi nililipa 55,000, ambayo ni karibu sawa na koti pamoja na nauli yake. Ndani sikuweka blanketi, kwa sababu blanketi hunywa unyevu na kugeuka kitanda cha viroboto. Niliweka mto mpana wa sufi. Msufi tunao wenyewe, mama mkwe alikuwa na gunia la sufi iliyobaki alipojaza mito ya wageni, na ndiye aliyelitoa bila kuombwa, akaniambia sufi hailowi upesi na kwamba bibi mwenzake asilale kwenye saruji. Mto huo huanikwa juani kila siku ya pili, na foronya yake ya gunia hufuliwa.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua kibanda na mto wa sufi, na koti ningeliacha dukani. Ninasema hivyo nikiwa nimelipenda koti lenyewe.

Kwenye chakula sikubadilisha mengi. Ugali wa dona uliochanganywa na dagaa niliuongeza kidogo jioni kwa kuwa alikuwa mwembamba, na maji ya kunywa ninayampa ya vuguvugu asubuhi, maana nimeona wakati wa kipupwe hukipita chombo cha maji baridi bila kukitazama.

Uimara wake baada ya miezi mitatu ni kama ifuatavyo. Kitambaa cha nje hakijachanika ila kimepauka mabegani. Manyoya ya ndani yamejikunja vidonge vidonge, hasa kifuani. Mikanda ya kunata ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: inakamata kila kishada cha manyoya, majani na nyuzi, na ilipofika katikati ya Agosti ilikuwa haishiki tena mpaka niisafishe kwa ncha ya kitana, kazi ya dakika kumi niliyoifanya nikiwa barazani kila Jumamosi, nikichomoa nywele nyekundu moja moja na kujiuliza kwa nini hawakuweka vifungo vya kawaida. Lile tundu la kamba sijalitumia hata mara moja. Mwacheni hajawahi kufungwa kamba.

Ninalipa nyota tatu kati ya tano. Nyota moja imekwenda na mikanda, nyingine na vipimo vya kifua pamoja na muuzaji asiyejibu. Mwenye mbwa kijana hapa Newala asinunue, amtafutie pakavu pa kulala inatosha, na mwenye mbwa Mtwara mjini, Mikindani au Lindi asilifikirie kabisa, kwa sababu kwa joto la pwani vazi hili litamtesa. Wa kulinunua ni mwenye mbwa mzee, au aliyetoka kuugua, au mwenye manyoya machache na mwili mwembamba, anayeishi uwandani huku na anayeamka alfajiri mwenyewe kumvika na kumvua.

Wiki iliyopita nilipita tena kwa yule mama fundi kuchukua suruali. Kumbe siku ile ya Mei alikuwa amelilaza koti kwenye karatasi ya mfuko wa saruji akalichora lote. Anasema atalishona la kaki kwa nje, kwa ndani blanketi kuukuu lililokwisha kulainika, vifungo vya mbao badala ya ile mikanda, kwa shilingi 18,000, na kwamba nimletee kamba niliyompima nayo Mwacheni kifuani. Kamba nimempelekea, ina mafundo mawili, na nimemwambia asifanye haraka kwa sababu Juni iko mbali.